Kilomita Tatu za Ng'ambo ya Mto

Jumatatu hiyo asubuhi Lucette Caumon alikuwa amekaa juu ya ukuta wa mawe kando ya kijibarabara cha Cazelles, daftari mapajani, baiskeli yake imeegemea mti wa jozi, naye anahesabu magari. Ndani ya saa nzima yalikuwa yamepita mawili tu: la mwuza mkate, aliyepunguza mwendo akampungia mkono, na la muuguzi wa kijiji. Likapita na trekta lililobeba marobota ya nyasi, dereva wake amesinzia au yu karibu kusinzia. Lucette akaandika, akafunga daftari. Barabara imefaulu.

Ilikuwa kazi ya klabu. Klabu yenyewe iliitwa ya Alhamisi, kwa kuwa siku hiyo ndiyo waliyokutana, watu saba, mdogo wao ana miaka hamsini na minane, wakaendesha kilomita thelathini au arobaini kufuata Mto Célé na vijito vyake, wakapumzika penye kivuli, wakala mkate na jibini ya mbuzi, wakarudi makwao. Majira ya baridi yaliyopita vijiji vya bondeni viliwaomba waandike kitabu kidogo cha njia tulivu za baiskeli, njia ambazo mtu atasikia mto na si injini. Walipanga njia nane. Kila moja walipaswa kuipima, waandike miinuko yake, mabomba ya maji, mbwa wasioaminika, na mahali lami ilipochimbika. Sharti lilikuwa moja: barabara inayopitisha magari zaidi ya kumi kwa saa haingii kitabuni.

Sharti hilo lilitoka kwa Lucette, na hakuna aliyemwuliza sababu. Bonde zima lilijua. Miaka tisa nyuma, mwezi wa Oktoba, mumewe Firmin aligongwa na gari kwenye barabara kuu, pale kwenye kona iliyo chini ya jabali, wanapopaita Kona ya Mwewe. Alikuwa na miaka hamsini na tisa, na mauti yalimkuta juu ya baiskeli aliyoisafisha mwenyewe jana yake. Lucette hakugusa baiskeli kwa miaka miwili. Alipoirudia, aliapa hatakanyaga tena barabara kuu, na hakuikanyaga. Klabu ilipolazimika kuishika hata kwa mita mia tano, yeye alizunguka mlima peke yake, na wenzake walimngoja upande wa pili bila kumwuliza kilichomchelewesha.

Siku ya pili yake walikutana jikoni kwa Achille Bessou. Achille alikuwa mwalimu mstaafu, mwenyekiti wa klabu, mtu wa sauti ya darasani. Wenzake walimwita Bwana Rais kwa kumcheka, naye aliipenda heshima hiyo. Alikuwa ametandaza ramani juu ya meza na kuikandamiza pembe kwa bakuli la sukari na kichupa cha haradali.

"Njia ya nane," alisema, "ndiyo roho ya kitabu. Inafuata mto tangu juu mpaka chini. Na ndiyo inayotushinda."

Mstari wa penseli uliteremka vizuri kando ya mto, halafu ukakatika, ukaanza tena mbele kidogo.

"Na hapo katikati, Bwana Rais?" aliuliza Mauricette. Huyu alikuwa rafiki wa Lucette tangu utotoni, mjane vilevile, mwenye ulimi usiojua kupumzika. "Tunaota mabawa?"

"Hapo katikati ni kilomita tatu. Upande huu kuna jabali na barabara kuu." Achille alikohoa. Hakumtazama Lucette. "Nadhani tuikate njia iwe vipande viwili. Njia ya nane na ya tisa. Wageni watapakia baiskeli kwenye gari."

"Watu wanakuja kuendesha baiskeli, wewe unawapakia garini," alisema Mauricette.

"Kuna ng'ambo," alisema Lucette.

Mtu mmoja akaanza kukusanya makombo ya mkate mezani kwa ncha ya kidole.

"Unavuka daraja la kinu," aliendelea, "unafuata njia ya zamani ya mikokoteni mpaka kijiji cha Pontillac. Nimepita huko nikiwa msichana. Mnaogopa nini kunitajia? Ni shamba la Lacam. Jina lake halinichomi mdomo."

Achille alivua miwani, akaifuta kwa fulana.

"Nimekwenda mara mbili, dada Lucette. Mara ya kwanza alisema hapana. Mara ya pili alisema hapana akafunga mlango. Meya naye alikwenda, hata mlango hakufunguliwa."

"Alitoa sababu?"

"Hakutoa."

"Sababu ya nini tena?" Mauricette alidakia. "Kashaua mmoja, sasa kuwaona waliobaki kunamtia kichefuchefu. Kondoo wake wana utu kumzidi. Mwacheni na lango lake, alitafune."

Hakuna aliyecheka. Lucette aliinama juu ya ramani akaitazama ile nafasi isiyo na mstari, ndogo kama ukucha. Kisha akasema ana nguo za kuanua, akaondoka.

Hakuwa na nguo za kuanua. Alikwenda nyumbani polepole, baiskeli akiikokota, na hasira ikimpanda kidogo kidogo kama maji kisimani. Huyo Régis Lacam alikuwa amejifungia mambo yake miaka tisa, naye Lucette yake. Mahakamani, mjini, Lucette aliketi nyuma yake siku mbili nzima na hakumwona ila kisogo. Ilisemwa kwamba hakuwa amelewa, hakukimbiza gari, jua la vuli lilimpiga machoni alipotoka kwenye kivuli cha jabali. Hakimu alimpa kifungo cha nje na kumnyang'anya leseni mwaka mmoja. Mwezi uliofuata ilikuja barua. Lucette aliliona jina nyuma ya bahasha, akaandika juu yake kwa wino mwekundu irudishwe ilikotoka, akamkabidhi tarishi palepale mlangoni. Tangu hapo, akimwona gulioni, alivuka upande wa pili. Watu wa bondeni walijifunza kupanga mambo. Kwenye mazishi waliachiwa mabenchi matatu kati yao. Mwuza nyama alikuwa akimpa mmoja ishara ya jicho asubiri nje hadi mwingine atoke. Hivyo ndivyo watu wawili walivyoishi kilomita sita mbali bila kuonana, na bonde zima likiwasaidia.

Na sasa anatuzibia njia, aliwaza. Ameziba moja kwa gari, ya pili anaiziba kwa lango.

Asubuhi yake alivaa viatu vya baiskeli, akavuka mto.

Daraja la kinu lilikuwa la mawe, ila katikati, pale mafuriko yalipolivunja zamani, palizibwa kwa mbao. Mbao mbili zilikuwa zimeoza. Lucette alishuka, akapita kwa miguu, akiisukuma baiskeli. Njia ya mikokoteni ilikuwa palepale alipoiacha miaka hamsini nyuma, imesongwa na miiba, lakini chini ya miiba ardhi ni ngumu na sawa. Upande wa kushoto mto uliteremka taratibu chini ya miti mirefu. Ng'ambo, juu, yalisikika malori ya barabara kuu.

Lango lilikuwa la chuma, limefungwa kwa mnyororo. Nyuma yake uwanja, nyumba ya mawe, na mwanamke anaanika shuka. Noélie Lacam alimtambua mara moja. Alibaki na vibanio mdomoni, kisha akavitoa kimoja kimoja.

"Bi Caumon."

"Mumeo yupo?"

"Yupo zizini." Alikuja akafungua mnyororo, vidole vikihangaika. Kisha akasema kwa sauti ya chini, si ya kumwomba wala ya kumkataza, "Hajaendesha gari tena, Bi Caumon. Leseni alirudishiwa. Mimi ndiye ninayeendesha. Nilijifunza nikiwa na miaka hamsini na mitano, na mwalimu wangu alikuwa akishikilia mlango muda wote."

Lucette aliegemeza baiskeli ukutani, akaenda zizini.

Régis Lacam alikuwa akikata kwato. Kondoo jike alikuwa ameketishwa kwa makalio kati ya magoti yake, mgongo umeegemea tumbo lake, miguu imetulia hewani. Lucette alimkumbuka mtu mkubwa. Huyu aliyemwona mifupa ilikuwa ileile mikubwa, lakini nyama ilikuwa imekwenda. Aliinua uso, akamwona, kisu kikasimama. Hakuweza kuinuka kwa sababu ya yule mnyama, wala hakutaka kumwachia ghafla asije akaumia. Akavua kofia kwa mkono uliokuwa na kisu.

"Maliza," alisema Lucette.

Alimaliza ule mguu, na mwingine, akamgeuza kondoo, akampiga kofi dogo mgongoni aende zake. Ndipo akasimama.

"Nimekuja kuuliza jambo moja," alisema Lucette. "Njia ile ilikuwa ya watu wote zamani za babu yako. Watu wazima wanakuja hapa kukuomba kwa adabu, unawafungia mlango. Kwa nini? Unatukomoa?"

"Hapana."

"Basi nini?"

Régis alikuwa mtu asiyezoea kusema, na maneno yake yalitoka kama mtu anayeshusha mawe kutoka kwenye gari, moja baada ya jingine.

"Wewe uko kwenye klabu," alisema. "Kila Alhamisi. Nawaona kutoka mlimani, ninaijua kofia yako, ile ya njano. Nikifungua, kila Alhamisi itakubidi upite hapa, mbele ya dirisha langu. Au uwaache wenzako, ukae nyumbani. Hawatakuambia, lakini wewe ndiye utakayeacha. Nimekuchukulia mume. Sikutaka nikuchukulie na Alhamisi."

Kondoo walikuwa wakitafuna. Lucette alisikia maneno hayo, akayapinda huku na huku kutafuta mahali penye uongo, hakupaona. Hilo lilimkera zaidi.

"Ungemwambia Achille hivyo."

"Achille ni mtu mwema. Lakini akiambiwa saa mbili, saa nne neno limefika Pontillac."

Hilo lilikuwa kweli kabisa, na mahali pengine Lucette angecheka.

"Nilikuandikia," alisema Régis.

"Nilirudisha."

"Ndiyo. Ilinifikia na ule wino mwekundu."

"Ulikuwa unaomba msamaha. Sikuwa nao."

"Sikuomba msamaha." Alitazama kisu mkononi, akakikunja, akakitia mfukoni. "Kulikuwa na jambo la kwako. Si langu, ni la kwako, mimi nimelishika tu. Nilijaribu kulileta. Ukilirudisha tena leo nitanyamaza, sitalitaja mpaka nife."

Ilikuwa Mei na jua limeingia zizini mpaka kwenye majani makavu. Lucette aliona robota la nyasi karibu, akaketi bila kukaribishwa.

"Sema."

"Walikuambia alikufa papo hapo."

"Ndivyo walivyoniambia. Daktari alisema. Alisema hakuhisi kitu."

"Hakuhisi maumivu, hilo nadhani ni kweli. Lakini hakufa papo hapo. Alikaa kiasi cha robo saa. Nilikuwa naye chini, kwenye majani ya kando. Nilikuwa nimekwisha piga simu. Wakili aliniambia mahakamani nijibu ninaloulizwa tu. Nilingoja siku mbili. Hakuna aliyeniuliza."

Lucette alimwashiria kwa kichwa aendelee.

"Mumeo aliniuliza saa ngapi. Hakuniuliza mimi ni nani, wala nini kimetokea. Alisema, 'Saa ngapi?' Nilitazama saa yangu. Ilikuwa saa sita na dakika ishirini. Akasema, 'Nimemwahidi Lucette saa sita.' Jina lako sikulijua, nililisikia kwake kwanza. Nikamwambia bado. Nikamwambia ni saa tano na nusu." Aligeuza kofia mkononi. "Akasema, 'Basi nitawahi.' Akanyamaza. Baadaye kidogo akauliza tena, nami nikamwambia tena saa tano na nusu. Akasema vizuri. Hakusema jingine. Gari la wagonjwa lilipofika alikuwa amekwenda."

Noélie alikuwa amesimama mlangoni na kikapu kitupu, akageuka akaondoka kimya kimya.

"Mimi saa sita na dakika ishirini nilikuwa nakula," alisema Lucette hatimaye. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, kama mtu anayeeleza mapishi. "Nilipika bata na viazi. Saa sita ikapita. Nikasema, kakutana na Achille, wanapiga soga. Nikala peke yangu kwa hasira. Nikafunika sahani yake, nikasema, leo atakula kiporo, iwe funzo kwake."

Alikuwa hajawahi kumwambia mtu hilo. Hakumwambia padri, wala dada yake, wala Mauricette. Machozi yalimtoka bila kwikwi, yakamshuka mpaka kidevuni, naye hakuyafuta. Régis alibaki amesimama, kofia mkononi, kama mtu aliyeambiwa asubiri hapo na hajui mpaka lini.

"Ulimdanganya," alisema Lucette.

"Ndiyo."

"Mtu anakata roho, wewe unamdanganya saa."

"Ndiyo."

Lucette alimtazama usoni kwa mara ya kwanza tangu aingie. Macho yake yalikuwa ya kijivu, yamezungukwa na mikunjo ya mtu wa nje. Miaka tisa alikuwa na uso mmoja kichwani mwake, uso wa mtu asiyejali, na huu haukufanana nao. Akainuka, akapangusa nyasi kwenye suruali.

"Sikuja kukusamehe," alisema.

"Najua."

"Fungua njia."

"Utapita?"

"Hilo niachie mwenyewe. Wewe fungua."

Kazi ya kusafisha ilichukua wiki tatu. Klabu nzima ilivuka mto kwa mapanga na reki, na Achille alileta mashine ya kukatia miiba iliyogoma kuwaka kila siku mpaka saa nne. Régis alifanya kazi kuanzia upande wa Pontillac, peke yake, akiwasogelea mita kwa mita. Na kila jioni palibaki pori fupi zaidi kati yao. Alibadilisha zile mbao mbili za daraja, halafu akaona nyingine tano hazifai, akabadilisha zote.

Mauricette alikataa kushika reki.

"Mimi nitasimamia," alisema, akajikalia juu ya jiwe. "Shoga, hebu niambie ukweli. Huyo mtu kakulisha nini kule zizini? Miaka tisa unavuka barabara ukimwona, leo unamkatia miiba."

"Naikata yangu. Yake anaikata mwenyewe."

"Usinichezee maneno. Firmin angesema nini?"

Lucette aliendelea kukata. Kisha akaweka panga chini, akaketi kwenye jiwe lilelile, bega kwa bega na rafiki yake, akamweleza. Alimweleza yote, mpaka sahani iliyofunikwa. Mauricette, ambaye tangu utotoni hakuwahi kukosa la kujibu, alikaa na mdomo wake umefungwa. Baada ya muda aliinuka, akachukua reki, akaanza kukokota miiba kwa nguvu nyingi kuliko zilizohitajika, na hakuzungumza na mtu mpaka chakula cha mchana. Kwa Régis hakusema neno siku hiyo wala zilizofuata. Ila siku waliyokutana katikati, pori lilipokwisha, na watu wakasimama wakitazamana na yule mtu mrefu mwenye mundu, ni yeye aliyechukua chupa ya maji, akaiweka juu ya kigogo mbele yake, akageuka akaondoka. Régis alikunywa, akairudisha palepale juu ya kigogo.

Alhamisi ya kwanza ya njia ya nane ilikuwa katikati ya Juni. Walianza saa mbili asubuhi juu kabisa ya bonde, ukungu bado umelala juu ya mto. Waliteremka kupitia vijiji vilivyofungwa madirisha, wakapita chini ya majabali, wakapita mashamba ya jozi, na kwa saa mbili hawakukutana na gari ila moja. Achille alikuwa mbele akitangaza kila kona kama mtu aliyeiumba yeye. Walipofika daraja la kinu alinyamaza.

Walivuka mmoja mmoja. Lucette alikuwa wa mwisho. Wenzake waliingia lango lililokuwa wazi, wakapita uwanjani bila kusimama, mmoja akamsalimu Noélie, wakatokea upande wa pili chini ya miti. Yeye alisimama kwenye lango, mguu mmoja chini. Hakuna aliyegeuka kumtazama, na alijua wamekubaliana hivyo, akawashukuru kimoyomoyo.

Alijiambia kwamba anaweza kurudi. Kuna njia ya mlimani, kilomita kumi na nne, anaijua. Watamngoja Pontillac, watamkatia jibini, hakuna atakayemwuliza. Alifikiri hivyo kwa dhati kabisa, hata akaugeuza usukani kidogo.

Régis alikuwa uwanjani. Alikuwa amempa mgongo, anatengeneza kitu kwenye ukuta ambao haukuwa na kasoro yoyote, na Lucette alielewa kwamba mtu yule amesimama hivyo makusudi ili yeye asilazimike kumsalimu, na kwamba angesimama hivyo Alhamisi zote za maisha yake.

Akasukuma pedeli. Magurudumu yalilia juu ya kokoto. Alipofika usawa wake alisema, si kwa sauti kubwa, "Habari za asubuhi, Bwana Lacam."

"Njema, Bi Caumon," aliuambia ukuta.

Basi. Akapita. Chini ya miti hewa ilikuwa baridi, na mto ulikuwa karibu kiasi cha kunusika, harufu ya matope na mnanaa. Aliwakuta wenzake Pontillac wameketi juu ya ngazi za kanisa. Mauricette alimsogezea nafasi.

"Umechelewa," alisema.

"Nina miaka sitini na sita. Na wewe usingebana breki mteremkoni mbele yangu, ningekuwa nimeshakupita."

Kitabu kilitoka Julai. Wageni wakaanza kuja: Waholanzi wenye mikoba minne minne, mume na mke wa Lyon waliopotea hata kwenye njia isiyo na njia panda, watawa wawili wa kike wenye miguu yenye nguvu ajabu. Noélie aliweka bomba la maji ya kunywa nje ya lango. Klabu ilipita kila Alhamisi, na kila Alhamisi Lucette alisema habari za asubuhi, na akajibiwa. Haikuwa zaidi ya hapo. Kuna watu bondeni waliosema amesamehe, wengine wakasema amepoteza haya. Hakumsahihisha mtu.

Lakini kile alichoambiwa zizini hakikukaa kimya ndani yake. Kilimjia akiosha vyombo, akifunga viatu. Aligundua kwamba hakumbuki vizuri. Je, Firmin aliuliza saa mara mbili au tatu? Alisema "nitawahi" au "basi nitawahi"? Kwa miaka tisa hakuwa na kitu chochote cha robo saa ile, na sasa alikuwa nayo lakini inamponyoka kama ndoto ya alfajiri.

Jumatatu moja ya Septemba, siku isiyokuwa ya klabu, alitoka peke yake. Alimkuta Régis darajani akipaka lami mbao zake kabla ya mvua za vuli. Aliposhuka kwenye baiskeli, yule mtu alisimama wima, akaondoa ndoo njiani ili apite. Lucette hakupita. Aliegemeza baiskeli kwenye ukuta wa daraja.

"Nisimulie tena," alisema. "Siku ile sikusikia vizuri. Tangu mwanzo, polepole. Usiache kitu."

Régis aliweka brashi juu ya ndoo. Alifuta mikono, kidole kwa kidole. Wakaketi juu ya ukuta wa mawe, kati yao nafasi ya mtu mmoja.

"Alilala upande gani?" aliuliza Lucette. "Anza na hapo."

"Wa kulia," alisema Régis. "Uso wake ulielekea mtoni. Nilimkunjia koti langu chini ya kichwa."

"La rangi gani?"

"La buluu. La kazi."

Lucette akaitikia kwa kichwa. Régis akaendelea, naye akawa anamkatisha kuuliza: je, kulikuwa na upepo, je, kofia yake ilikuwa wapi, je, sauti yake ilikuwa ile nzito ya siku zote au imebadilika. Mengine Régis aliyajua. Mengine alisema hakumbuki, na Lucette alipenda kwamba hakubuni. Ilichukua muda mrefu zaidi ya robo saa. Alipomaliza, Régis alisema kwamba lami itakauka kwenye ndoo. Lucette akavaa kofia yake, akavuka zile mbao kwa miguu, upande uliokuwa haujapakwa bado, akapanda baiskeli, akaenda Pontillac kununua mkate.